Habari Niliyoikata

Mwalimu Nkatha alifika matangani siku ya tatu baada ya mazishi, na maneno yake ya kwanza yalinikausha mate mdomoni. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu ndani ya nyumba ya marehemu, hapa Chechelesi, mjini Isiolo, kwenye mkeka wa karibu na mlango. Sikumtambua upesi. Niliona mama mzee wa kutoka milimani, kitambaa kichwani, sweta nzito kwenye joto la saa saba, kilo mbili za sukari kwapani, akipigana na kamba za viatu vyake. Zilipomshinda akacheka kwa aibu, na kicheko kile nikakijua. "Mwalimu Nkatha!" nikapiga kelele, nikasahau kwamba niko msibani. Tulikumbatiana, nikamkalisha kando yangu. Alinishika mkono na hakuuachilia. "Talaso, mtoto wangu," akasema polepole, "nimetoka Timau asubuhi. Nilisikia kwa redio Guyo amekufa. Nikasema hii kitu siwezi kwenda nayo kaburini. Nimekuja kumsamehe."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima mgongoni. Kumsamehe Guyo! Guyo hakuwa na kosa la kusamehewa. Kosa alilobebeshwa, la kuwauza walimu wenzake waliogoma, lilikuwa langu mimi, nililifanya nikiwa darasa la saba, nikila chakula cha sufuria ya huyu huyu mama aliyenishika mkono. Nilikuwa nimepewa zaidi ya miaka arobaini ya kulisema, na sikulisema, mpaka mwenyewe akazikwa nalo. Bokayo, mjane wa Guyo, alikuwa amekaa upande wa ukutani katika nguo zake za msiba. Niliona jinsi alivyogeuka kwa haraka nilipoita lile jina. Aliinuka, akamtuma mtoto kwa jirani na chupa tupu, akaenda jikoni, akakawia. Aliporudi alikuwa na chupa mbili za chai. Sisi wengine tulimiminiwa kutoka ile kubwa, chai ya maziwa yenye harufu ya moshi kama tunavyoipenda huku kwetu. Mwalimu Nkatha alimiminiwa kutoka ile ndogo. Nikadhani ni heshima ya mgeni tu.

Mwaka ule, miaka ya sabini ikielekea kuisha, nilikuwa nalala kwa Mwalimu Nkatha. Watu wangu walikuwa malishoni Biliqo na ng'ombe, na yeye alisema msichana aliyefika darasa la saba hawezi kurudishwa nyuma kwa kukosa mahali pa kuweka kichwa. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati ndani ya ua wa shule, kimegawanywa na pazia la maua mekundu lililofifia likawa la waridi. Mbele kulikuwa na meza, viti vitatu na kalenda ya kanisa. Nyuma, kitanda chake cha chuma, godoro langu, gunia la makaa na gunia la viazi ambavyo mama yake alikuwa akimletea kwa lori. Tulipika githeri, mahindi na maharagwe, Jumapili tukaipasha moto mpaka Jumatano. Mimi nililia kimyakimya wiki ya kwanza kwa kukosa maziwa, na alipogundua alinunua kibuyu kizima kutoka kwa akina mama wa sokoni, akaonja, akatema nje ya mlango. "Hii maziwa yenu inanuka kama nyumba imechomeka!" Mwalimu Guyo alikuwa akipita, akacheka mpaka akashika mti. Tangu siku hiyo, kila alipofika alibeba maziwa kwenye chupa ya soda iliyooshwa, yaliyokamuliwa bila kugusa kibuyu kilichofukizwa, akaiweka mezani na kusema, "Ya nyumba haijachomeka."

Walimu walikuwa sita. Watano walitoka milimani, na mkuu wao, Mwalimu Mutuma, alikuwa mrefu, mkali, msafi wa kola. Wa sita alikuwa Guyo, Mborana wa hapa hapa mjini, na ndiye aliyetufundisha insha. Alikuwa na namna yake. Hakutuambia tuanze na utangulizi. Alituambia, "Insha ni oduu. Umetoka malishoni, wazee wamekukalisha. Toa." Kila mtoto wa kwetu alielewa. Oduu ni habari, lakini haitolewi kama habari ya mjini, ya kuuliza na kujibu nzuri halafu mtu aende zake. Mgeni anakalishwa, anapewa chai, kisha mkubwa anamwambia, "Oduu?" Hapo anaanza na mvua, anakuja kwa nyasi, maji, mifugo, wagonjwa, njia, na hatari iliyo njiani, na msikilizaji anaitikia "ee" kwa kila neno, kwa sababu habari isiyoitikiwa haijapokelewa. Akimaliza, aliyepokea naye anatoa yake. Mtu haongezi wala hakati. Bibi yangu alikuwa akisema aliyekuficha habari ya simba amekutupia simba. Mimi niliandika insha za namna hiyo mpaka Guyo akasoma moja mbele ya darasa, akaniinulia daftari juu. "Huyu msichana anajua kutoa habari," akasema. Nimepewa vyeti baadaye maishani, lakini hakuna kilichonijaza kifua kama lile neno.

Sasa shule. Shule ile ilijengwa na mbuzi. Kila familia ilitoa mnyama wake, wakauzwa, yakanunuliwa mabati na simenti, kwa hiyo wazazi hawakuona kosa lolote kuingia darasani kama mtu aingiavyo zizini kwake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Abuya Dida, kaka wa mama yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa imejaa watoto hata mimi nikakosa pa kulala. Abuya ndivyo tunavyomwita mjomba. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye sauti ya mnada na saa aliyoifunga juu ya mkono wa shati ili ionekane. Siku moja alikuja na wazee wawili wakakaa dawati la nyuma, fimbo magotini, wakasikiliza somo zima la Kiingereza bila kuelewa neno, kisha Abuya akatoa uamuzi kwamba mwalimu ni mvivu, maana aliongea kidogo na watoto ndio waliongea sana. Tulicheka wiki nzima. Lakini kicheko kilikwisha siku Mwalimu Mutuma alipomchapa mvulana aliyechelewa na kumwita mtoto wa shifta. Neno hilo, jina la waasi wa vita ya miaka ya sitini, mjini kwetu lilikuwa bado bichi. Hapakuwa na nyumba ambayo haikuzika mtu kwa ajili ya neno hilo. Kamati ilimwita Mutuma, ikamsikiliza, ikamtoza mbuzi.

Nilisikia kwa masikio yangu, tulikuwa tumejazana dirishani. "Mimi ni mwalimu wa serikali!" Mutuma alipiga kelele. "Serikali haitozwi mbuzi!" Abuya Dida hakupandisha sauti. "Mtu akitukana mtoto ya watu, analipa mbuzi, tunakula pamoja, maneno inaisha. Kwani mwalimu si mtu?" Nimekuwa mwalimu mwenyewe baada ya hapo, nimegoma, nimeimba nje ya maofisi nikiwa na tawi mkononi, na nimekaa pia kwenye mabaraza ya wazazi nikiwa mzazi. Kila mara watu wanapogombana shule ni ya nani, huwa namfikiria yule mbuzi. Abuya alikuwa ananyosha mkono wa suluhu kwa njia pekee aliyoijua, na Mutuma aliona amevuliwa nguo. Wote wawili walikuwa na haki yao, na hakuna aliyemwelewa mwenzake hata kidogo.

Ijumaa baada ya shule walimu walikutana kwa Mwalimu Nkatha. Nilikuwa nyuma ya pazia nikimenya viazi. Hakuna aliyenitoa, mtoto anayemenya viazi huwa haonekani. Guyo alifika mwisho, akitoka msikitini, akaweka chupa yake ya maziwa mezani. Mutuma alikuwa amekwisha kupanga. "Jumatatu hakuna mtu kuingia. Na Jumapili jioni tunatoa register zote na zile fomu za mtihani, zinakaa hapa, chini ya kitanda ya Nkatha. Hakuna fomu, hakuna mtihani. Huyo mzee ataomba msamaha mwenyewe." Kisu kilinisimama mkononi. Moja ya fomu zile ilikuwa na jina langu.

"Kugoma, nitagoma," nilimsikia Guyo. "Mkisimama nje ya geti mtaniona nje ya geti. Lakini fomu tuwache. Watoto hawajatoza mtu mbuzi."

"Wewe unaogopa wazee wako," Mutuma akamwambia.

"Ndiyo, naogopa. Wewe ukitoka hapa uko na kwenu. Mimi kwetu ni hapa. Na bado nitasimama nje."

Nikasikia sauti ya Mwalimu Nkatha. "Amesema atasimama nje. Mnataka aape?" Waliinua mikono, mpango wa fomu ukashinda, na Guyo akasema haya, yeye amesema yake, Jumatatu watamwona. Walipoondoka, Mwalimu Nkatha aliingia nyuma ya pazia akaona rundo la viazi nilivyomenya, vingi kuliko tulivyohitaji kwa siku tatu. Hakuniambia nisiseme. Milimani kwao jambo kama hilo halihitaji kuambiwa. Mtoto anajua kwamba ya nyumbani ni ya nyumbani. Hakujua kwamba mimi nililelewa kujua kinyume chake.

Jumamosi, kama kila Jumamosi, nilikwenda kula kwa Abuya Dida. Wali na nyama ya mbuzi, sinia kubwa, chai iliyokolea sukari. Wazee watatu wa kamati walikuwa wamekaa naye sebuleni, na mimi nilikuwa napita kuelekea jikoni kwa wanawake aliponiita. "Talaso. Kaa hapa. Unakaa na walimu, umetoka huko." Akanipa kikombe cha chai kwa mkono wake. "Oduu?" Sikuamini. Msichana hakuulizwa oduu mbele ya wanaume wazima. Sikuwahi kumwona hata mmoja akiulizwa. Nilimeza chai ikaniunguza koo. Nikaanza na mvua. Nikasema waliopita na ng'ombe wanasema haijanyesha upande wa Merti, nikaja kwa maji ya bomba la shule, kwa mtoto aliyeumwa, na kwa kila neno wale wazee waliitikia "ee," kwa taadhima, kama vile mimi ni mtu mzima aliyetembea siku nne. Nikafika kwa walimu. "Ee." Nikasema hawataingia Jumatatu. "Ee." Nikasema fomu za mtihani zitatolewa Jumapili jioni. Taya za Abuya ziliacha kutafuna.

"Walikuwa nani?" akauliza.

Nikawataja. Mwalimu Mutuma. Mwalimu Nkatha. Nikataja wengine watatu. Jina la sita lilikuwa tayari ulimini, nikautazama uso wa Abuya, jinsi ulivyokaza, nikamfikiria Guyo akiulizwa na wazee wake mwenyewe kwa nini anasimama na wageni dhidi ya watu wake. Nilimpenda mwalimu wangu. Nikalimeza jina lake.

"Watano," Abuya akasema.

"Watano," nikasema.

"Ee," wakaitikia wote.

Akanyosha mkono, akanikatia kipande cha ubavu, nyama ya wanaume, akaniwekea mbele. Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba ilikuwa tamu na nikailamba mifupa. Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba nilitoa habari kwa sababu nililelewa hivyo, kwamba kuficha kungekuwa dhambi kuliko kusema. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa naogopa ile fomu yenye jina langu, na nilitaka kuulizwa, na nikiulizwa nilitaka kuwafurahisha. Nilipaswa ama kunyamaza yote au kusema yote. Mimi nilichagua, kama mtu anayechagua mchele, na jina nililolificha kwa mapenzi ndilo lililomwangusha mwenyewe.

Jumapili asubuhi kamati ilibadilisha kufuli ya ofisi ya shule na kuchukua kila karatasi iliyokuwamo. Jumatatu walimu sita walisimama nje ya geti. Ndani walikuwa wazee wa kamati, fimbo mikononi, na sisi watoto nyuma yao, tumenyamaza kama kondoo kabla ya mvua. Karani wa Abuya alisoma barua ambayo nakala yake, alisema, ilikuwa imekwisha kufika ofisi ya elimu: walimu waliokula njama ya kuiba fomu za mtihani, jina moja baada ya jingine. Alisoma majina matano akakunja karatasi. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona vidole vya Guyo vikigusa chaki kwenye mfuko wa shati lake. Mwalimu Nkatha aligeuka taratibu akamtazama.

"Guyo. Jina lako iko wapi?"

"Sijui," akasema.

"Tulikuwa sita."

"Tulikuwa sita, ndiyo." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtushwa usingizini. "Nkatha, wallahi sijui."

Na hapo Abuya, kwa furaha ya kweli, hakuwa na ubaya moyoni, akafungua geti nusu na kuita, "Mwalimu Guyo! Ingia, mwanangu. Ofisi ya mwalimu mkuu ni yako kutoka leo." Sijawahi kuona maneno ya heshima yakimuua mtu kama yale. Mutuma alicheka kicheko kikavu. Mwalimu Nkatha hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya Guyo, akatema mate chini kwenye vumbi, karibu kabisa na viatu vyake. "Enda," akasema. "Enda ukule mbuzi yako."

Guyo hakuingia. Alitazama geti lililofunguliwa, akawatazama wenzake waliompa mgongo, kisha akavuka barabara akasimama upande wa pili, peke yake, mikono kando. Abuya alimwita mara mbili, kisha akafunga geti kwa hasira. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilichohitaji ni kufungua mdomo na kusema, "Ni mimi." Kengele ikapigwa, ikapigwa vibaya, na Abuya mwenyewe, na nikaingia darasani na wenzangu. Dirisha la darasa la saba lilitazama barabara. Alisimama pale mpaka saa ya kwenda nyumbani. Kesho yake akaja tena, amenyoa ndevu, chaki mfukoni, akasimama. Wiki nzima. Walimu wa milimani wakipita hawakumtazama, na wazee nao wakaacha kuitikia salamu yake, kwa maana alikuwa amealikwa kunywa kwenye kisima cha kwao akakataa.

Mwalimu Nkatha alipewa mpaka Jumatano kuondoka kwenye nyumba ya shule. Nilimsaidia kufunga vitu. Tulikunja lile pazia, tukamimina viazi vilivyobaki kwenye debe. Nilikuwa nalia, na kila chozi alilipokea vibaya, akadhani ni la upendo. Lilikuwa la upendo pia. Alipokwisha kupandisha kitanda kwenye lori alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Hapa Isiolo," akasema, "wewe peke yako haukuniuza." Nilifungua mdomo. Dereva akapiga honi. Nikaufunga, na lori likaondoka.

Wazazi walitufundisha mpaka mtihani. Mwanajeshi mstaafu alitufundisha hesabu kwa sauti ya gwaride. Mchuuzi wa ngozi alitufundisha asilimia kwa bei za mnada, na sitasema uongo, asilimia niliielewa kwake. Fomu zetu zilienda, tukafanya mtihani, wengi wakaanguka, mimi nikapita. Mwaka uliofuata serikali ilivunja kamati ile na kuleta mwalimu mkuu kutoka mbali ambaye hakutaka kumwona mzazi ndani ya geti, kwa hiyo Abuya naye alipoteza. Mutuma na wenzake walifutwa. Mwalimu Nkatha aliuza viazi sokoni miaka mingi kabla ya kupata kazi kwenye shule ndogo ya kanisa. Guyo hakushika darasa tena. Alifungua duka la dawa za mifugo karibu na soko, na mjini akabaki na jina la mtu aliyeuza wenzake halafu akaogopa kupokea malipo. Nilikuwa nikipita pale kila nirudipo nyumbani. Mara moja, nikiwa mwalimu tayari, alinikalisha kwenye kiti chake, akaniletea chai, akaniuliza, "Oduu, Talaso?" Nilimwambia kuhusu mvua. Nilimwambia kuhusu wanafunzi wangu. Aliitikia yote. Nilipofika mahali pale nikasema, "Basi, ni amani tu." Alingoja kidogo, kikombe mkononi. Kisha akasema, "Ee."

Hayo yote yalinipita kichwani nikiwa kwenye mkeka wa msiba wake, mkono wangu ndani ya mkono wa Mwalimu Nkatha. Alikuwa amemgeukia mjane. "Mama, pole sana. Mimi na mzee wako tulikosana zamani, mambo ya mgomo. Alitukosea. Lakini nimekuja kusema yameisha."  Bokayo alimtazama tu, na nikaona kwamba alikuwa amelizoea neno hilo, amelisikia maisha yake yote ya ndoa, sokoni, kisimani, harusini, na sasa limeletwa mpaka ndani ya matanga na kilo mbili za sukari. Sikuweza tena.

"Mwalimu," nikasema, "niulize oduu."

Alishangaa. Kisha akakumbuka, akatabasamu kidogo. "Oduu, Talaso?"

Nikaanza na mvua ya mwaka ule. "Ee," akaitikia, kama Guyo alivyomfundisha. Nikasema kuhusu viazi na pazia. "Ee." Nikasema Jumamosi nilikwenda kula kwa Abuya Dida. Hakuitikia. Nikaendelea, lakini habari isiyopokelewa inakwama kooni, na sauti yangu ikakatika. Ndipo nikasikia kutoka upande wa ukutani, chini kabisa, "Ee." Ilikuwa Bokayo. Nikamgeukia. Nikasema waliniuliza majina. "Ee." Nikasema nilitaja watano, na la sita nikalimeza, na la sita lilikuwa la mume wako. Alifumba macho. "Ee," akasema. Nikatoa yote mpaka geti, mpaka lori, mpaka ile chai ya dukani. 

"Nilimtemea mate," Mwalimu Nkatha akasema. Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye wangu, sijui saa ngapi. "Mbele ya watoto. Nilimtemea mate."

Bokayo alifungua macho. "Nimepokea," akasema. "Sasa pokeeni yangu. Kila shule ikifunguliwa, siku ya kwanza, mzee alikuwa ananyoa, anaweka chaki kwa mfuko, anaenda kusimama ile upande ya barabara mpaka kengele ilie. Halafu anakuja kufungua duka. Mimi nilidhani anapenda kuona watoto. Nilimuuliza siku moja. Alisema, 'Niliwaambia wataniona nje. Wakirudi, wanikute.'" Akanyosha kidole kwenye kikombe cha Mwalimu Nkatha. "Na hiyo chai, ni yeye alinionyesha. Aliniambia, 'Mwalimu Nkatha akija, usimpe ya moshi. Atasema nyumba imechomeka.' Kila mwaka aliniambia. Nikasikia Talaso anaita jina, nikatuma mtoto na chupa."

Mwalimu Nkatha alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa, wala hakukiweka chini. Nimeona watu wakilia kwenye misiba mingi, lakini uso ule sitausahau, kwa sababu haukulia. Ulikuwa wazi tu, kama mlango ulioachwa. Bokayo alinigeukia mimi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haujamaliza. Hapa umesema na wanawake. Jina yake iliharibika mbele ya wanaume. Kesho asubuhi watakaa kwa hema, utasema huko."

Nilimwambia naogopa. Alikuwa amekwisha kuanza kukusanya vikombe.

Asubuhi nilikalishwa mbele ya hema, kwenye mkeka, mtu wa zaidi ya miaka sitini mwenye magoti mabovu. Mtoto wa Abuya Dida alikuwa pale. Walikuwapo wanaume watatu ambao siku ile walisimama na mimi ndani ya geti, sasa mvi tupu. Mwalimu Nkatha, aliyelala kwa Bokayo, alikaa nyuma yangu na sweta yake. Mzee mkubwa kuliko wote alinipa chai, akangoja nimeze, akasema, "Oduu?"

Nikaanza na mvua. Nilipofika kwa walimu niliwataja wote sita, na wa kwanza nilimtaja Guyo.